Mzinga wa D-10T katika Vita vya Kagera

Mzinga wa D-10T ni mzinga wa kifaru wenye kipenyo cha milimita 100 uliobuniwa katika Umoja wa Kisovyeti wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ndio mzinga mkuu wa vifaru vya T-54 na T-55, na nakala yake iliyotengenezwa China imefungwa kwenye kifaru cha Type 59. Katika Vita vya Kagera (1978–1979) kati ya Tanzania na Uganda ulikuwa upande wa kaskazini na upande wa kusini wa mto: Uganda, na baadaye Libya, zilikuwa na T-55, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilikuwa na Type 59. Kwa sababu hiyo vita hivyo ni mfano mzuri wa kuuliza mzinga wenyewe una mchango gani katika ushindi, maana pande zote mbili zilikuwa na mzinga mmoja.

Asili

Mwaka 1944 Jeshi Jekundu lilihitaji silaha ya kutoboa vifaru vizito vya Ujerumani. Ofisi ya wabunifu ya Fyodor Petrov, katika Kiwanda Namba 9 mjini Sverdlovsk (leo Yekaterinburg), haikuanza kutoka sifuri. Ilitumia makombora ya mzinga wa manowari uitwao B-34, uliokuwa na kipenyo hichohicho cha milimita 100, ikabuni mzinga mwepesi zaidi wa kuwekwa kwenye gari la deraya.

Toleo la kwanza, D-10S, lilifungwa kwenye SU-100, gari la kuwinda vifaru lisilo na kichwa kinachozunguka. Lilipigana katika miezi ya mwisho ya vita, hasa Hungaria karibu na ziwa Balaton mwezi Machi 1945. Baada ya vita mzinga ulihamishiwa kwenye kifaru kipya cha T-54 ukaitwa D-10T. Katika miaka ya 1950 uliongezewa vifaa viwili muhimu. Cha kwanza ni silinda nene karibu na mdomo wa mtutu, inayovuta moshi wa baruti utoke nje badala ya kurudi ndani na kuwakaba askari. Cha pili ni kifaa cha kutuliza mzinga ili usiyumbe kifaru kinapotembea. Mwanzoni kilituliza mwendo wa juu na chini tu, kisha katika T-54B na T-55 kikatuliza pia mwendo wa kushoto na kulia.

China ilianza kutengeneza T-54A kwa kibali cha Wasovyeti mwishoni mwa miaka ya 1950, ikaiita Type 59. Matoleo ya mwanzo yalirahisishwa, yakakosa kifaa cha kutuliza mzinga pamoja na taa za kuonea usiku.

Jinsi unavyofanya kazi

Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojipinda inayolizungusha kombora ili liruke likiwa limenyooka. Kombora la kutoboa deraya lina uzito wa karibu kilo 16 na hutoka mdomoni kwa kasi ya takriban mita 895 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo hufika umbali wa mita 1,000 kwa muda wa sekunde moja na kidogo, na njia yake angani ni karibu mstari ulionyooka. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mzinga wa kifaru na ule wa kurushia makombora juu: wa kifaru hupiga kinachoonekana, haupigi kilicho nyuma ya kilima.

Kombora na ganda lake la baruti ni kitu kimoja chenye uzito wa kilo 30 hivi na urefu wa karibu mita moja. Mpakiaji hulichukua kwa mikono, hulisukuma kwenye mtutu, kisha hukaa kando kwa sababu mzinga ukipigwa hurudi nyuma karibu nusu mita. Katika T-54 na Type 59 sakafu haizunguki pamoja na kichwa cha kifaru; kichwa kikigeuka, mpakiaji inabidi atembee akifuata, huku amebeba kombora. Kwenye joto, vumbi na mtikisiko, askari aliyezoea hupakia mara nne hadi sita kwa dakika. Asiyezoea hufikia chini ya hapo, na haishangazi.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba kichwa cha vifaru hivi ni kifupi sana, hivyo mzinga hauwezi kuinamishwa zaidi ya nyuzi 5. Kwenye nyika tambarare za Urusi jambo hilo halina uzito. Kwenye nchi ya vilima lina uzito. Mtu anayesafiri kutoka Muleba hadi Bukoba anaona sura ya nchi: migongo ya vilima, mabonde yenye maji, na migomba iliyozunguka nyumba. Kifaru kilichosimama juu ya mgongo wa kilima hakiwezi kumpiga aliye bondeni karibu nacho mpaka kishuke mteremko na kujionyesha mwili mzima. Na ndani ya mashamba ya migomba mpigaji haoni hata mita 100, kwa hiyo mzinga wa kupiga mita 1,000 unabaki na kazi ndogo.

Jambo lingine linahusu deraya. Bamba la mbele la T-55 lina unene wa milimita 100 na limelazwa nyuzi 60, kwa hiyo kombora linalokuja moja kwa moja linakutana na chuma cha milimita 200. Kombora la kawaida la D-10T lilipata shida kulitoboa. Ubavu una milimita 80 tu na umesimama wima. Yaani vifaru viwili vya aina hii vikikutana uso kwa uso, vyote vina nafasi ya kupona. Anayepata ubavu wa mwenzake ndiye anayeua.

Vifaru vya pande mbili

Kwenye karatasi Uganda ilikuwa na kifaru bora. T-55 ilibeba makombora 43, Type 59 makombora 34. T-55 iliweza kulenga ikiwa inatembea, ilikuwa na injini yenye nguvu zaidi na sakafu inayozunguka. Uganda pia ilikuwa na vifaru vya zamani vya Sherman vyenye mzinga wa milimita 76, vilivyotoka Israel kabla Idi Amin hajavunja uhusiano na nchi hiyo mwaka 1972.

Tanzania ilikuwa na Type 59 na pia Type 62, kifaru chepesi cha tani 21 chenye mzinga wa milimita 85. Type 59 ina tani 36. Uzito huo ulikuwa tatizo kabla ya adui, kwa sababu Bukoba haina reli. Reli inaishia Mwanza, na mzigo mzito kutoka huko lazima uvuke ziwa Viktoria au uzunguke kwa barabara kupitia Biharamulo na Muleba. Kutoka Kampala hadi mpakani Mutukula ni barabara moja kupitia Masaka.

Kwa macho, T-55 na Type 59 zinafanana mno. Alama rahisi ya kuzitofautisha ni kifuniko cha feni chenye umbo la uyoga juu ya kichwa cha Type 59, ambacho T-55 haina. Ni alama ya kufaa kwenye picha. Jioni yenye moshi haimsaidii mtu.

Mto Kagera na daraja la Kyaka

Mwezi Oktoba 1978 ndege za Uganda zilipiga mabomu Bukoba na Kyaka. Tarehe 30 Oktoba majeshi ya Uganda, yakiwa na T-55, Sherman na magari ya deraya, yalivuka mpaka na kuteka eneo lote lililo kaskazini ya mto Kagera. Watanzania waliokuwepo mpakani walikuwa wachache, na vifaru vilisonga bila kupata kizuizi cha maana. Mamia ya raia waliuawa, ng'ombe wakaswagwa kwenda Uganda, kiwanda cha sukari kikaporwa, na maelfu ya watu wakakimbilia kusini ya mto.

Kisha, tarehe 3 Novemba, Waganda walilipua daraja la Kyaka baada ya ndege kushindwa kulibomoa. Nia ilikuwa kuwazuia Watanzania wasivuke. Lakini daraja hilo ndilo lililokuwa njia ya vifaru kuelekea Bukoba, na kwa kulivunja Uganda ilivifunga vifaru vyake yenyewe upande wa kaskazini. Tangu siku hiyo vifaru vya pande zote vilitazamana na mto, na vita vikawa vya silaha zinazopiga mbali juu ya maji.

Hapo ndipo ilipojulikana silaha ambayo katika masimulizi ya vita hivi hutajwa kuliko kifaru chochote: mizinga ya roketi ya BM-21, ambayo Waganda waliiita Saba Saba. Gari moja hubeba mirija 40 na kurusha roketi zote kwa sekunde 20 hivi, hadi umbali wa kilomita 20. Roketi hazikulenga sawasawa kama D-10T, lakini zilifika nyuma ya vilima, na mshindo wake uliwakimbiza askari waliokuwa hawajaona adui hata mmoja. Ndani ya mwezi huo JWTZ lilivuka mto kwa madaraja ya muda na kukuta eneo kubwa limeshaachwa.

Kutoka Mutukula hadi Lukaya

Mutukula ulitekwa tarehe 21 Januari 1979, Masaka tarehe 24 Februari. Katika safari hiyo mapambano ya kifaru kwa kifaru yalikuwa machache. Vifaru vingi vya Uganda vilitelekezwa, vingine vikiwa bado vinafanya kazi. Sababu inayorudiwa na walioandika historia ya vita hivi ni kwamba jeshi la Amin lilipigana likiwa barabarani, ndani ya magari, na JWTZ lilitembea kwa miguu. Askari wa miguu walizunguka porini usiku na kutokea ubavuni au nyuma. Kwa kifaru chenye ubavu wa milimita 80 na mzinga unaotazama mbele barabarani, hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Lukaya ni mahali ambapo T-55 ilikaribia kubadili mambo. Barabara ya Masaka kwenda Kampala inapita hapo juu ya tuta katikati ya kinamasi. Tarehe 10 Machi Walibya na Waganda wakiwa na T-55 15 na mizinga ya roketi yao wenyewe waliishambulia Brigedi ya 201 ya JWTZ, iliyokuwa na wanamgambo wengi wasiowahi kupigana. Brigedi ilivunjika, askari wakatawanyika kwenye kinamasi. Kama vifaru vingeendelea mbele usiku ule, Masaka ingekuwa hatarini. Havikuendelea. Brigedi ya 208 ilizungushwa kwa miguu hadi kaskazini-magharibi, na alfajiri ya tarehe 11 ikatokea kwenye barabara nyuma ya Walibya. Juu ya tuta kifaru hakina pa kugeukia, na kinamasi hakibebi tani 36. Baadaye Watanzania walihesabu maiti zaidi ya 400, karibu nusu yao Walibya. Njia ya Kampala ilibaki wazi. Mji uliingia mikononi mwa JWTZ na Waganda walioshirikiana nao tarehe 11 Aprili.

Mahali pengine

Mwaka 1971 Type 59 za Pakistan zilipambana na T-55 za India, hivyo mzinga huo ulikwisha kukutana na ndugu yake. Na katika miezi ileile ya Februari na Machi 1979, Type 59 na Type 62 za China ziliingia Vietnam na kupata hasara kubwa milimani, Type 62 zaidi, kwa sababu deraya yake ni nyembamba. Israel, iliyoteka T-55 nyingi kwa Waarabu, iliung'oa D-10T kwenye nyingi na kuweka mzinga wa Kiingereza wa L7 wa milimita 105.

Baada ya vita

T-55 hazikutoweka Afrika Mashariki. Jeshi la Uganda la leo limezitumia Mogadishu nchini Somalia, mara nyingi kwa kubomoa majengo yaliyojificha wapiganaji, si kwa kutafuta kifaru kingine.

Mkoa wa Ziwa Magharibi ulipewa jina la Kagera mwaka 1979. Magofu ya kanisa la zamani la Kyaka bado yamesimama juu ya kilima. Askari wa Tanzania waliokufa vitani wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya jeshi.