Mvua ikikufungia kazi, usiilaze mashine ikiwa na petroli tumboni

Mashine yetu ya kuosha magari haikuharibikia kazini. Iliharibika ikiwa imelala kwenye kona ya chumba changu huku Mwiki, kati ya Aprili na Julai, bila mtu kuigusa.

Wasee wa kuosha magari mnajua hali ilivyo. Mvua ya masika ikishika, wateja wanapotea. Nani atakulipa mia mbili uoshe gari ambalo litajaa matope kabla halijafika steji? Pale kando ya barabara tulipokuwa tunafanyia kazi palikuwa pamegeuka kidimbwi. Mimi na mwenzangu tukakubaliana tufunge, kila mtu atafute kibarua, tukutane mvua ikiisha.

Mashine yenyewe ni ya petroli, tuliinunua mkono wa pili kwa Sh28,000. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kunilemea, na mamangu ndiye aliyenikopea kwenye chama chake. Jina lililo kwenye daftari la chama ni lake, si langu. Kila mwezi yeye ndiye anayeulizwa.

Siku ya kufunga tulizima injini, tukakunja mpira, tukaisukuma mashine ndani na kuifunika kwa karatasi ya nailoni. Dakika tano tu. Tangi lilikuwa nusu. Nakumbuka nikisema, "Poa, tukirudi hatutanunua mafuta."

Miezi michache kabla ya hapo, binamu yangu anayeishi Edmonton, Kanada, alikuwa amenitumia video akitayarisha mashine yake kwa msimu wa baridi. Anamwaga maji, anamaliza petroli, anatia dawa kwenye pampu. Nilicheka sana. Nikamjibu, "Buda, huku hakuna theluji."

Julai ikafika. Nikavuta kamba hadi bega likauma. Wapi! Fundi alipofungua kabureta alinionyesha kitu cha rangi ya kahawia, kinanata kama asali iliyokauka. Akanieleza kwamba petroli ikikaa miezi, sehemu yake nyepesi hupotea hewani na inayobaki hugeuka utomvu. Tundu za kabureta ni ndogo mno, kwa hivyo utomvu kidogo tu unaziziba.

Alipoisafisha, injini ikawaka. Lakini pampu nayo ikaanza kutoa maji kama kichungi cha chai. Raba za ndani zilikuwa zimekauka na kushikana, na oili ya pampu ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Kulingana na fundi, oili ikiwa na rangi hiyo ujue maji yameingia. Bili ilikuwa Sh6,500, na vipuri tulivisubiri wiki mbili.

Hizo wiki mbili ndizo zilituumiza zaidi. Mwenye matatu aliyekuwa akituletea magari mawili kila asubuhi alipata vijana wengine. Mwenzangu akaingia boda. Mama akalipa chama kwa pesa za mboga.

Nikampigia binamu yangu simu, safari hii bila kucheka. Aliniambia huko kwao adui mkubwa ni maji kuganda. Yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9, na yakiwa ndani ya pampu yanaweza kupasua chuma. Hapa Nairobi hatuna shida hiyo, ingawa watu wa Kinangop wanajua vile sakitu huchoma viazi. Lakini mambo mengine yote aliyokuwa akifanya kwenye ile video yanahusu mashine inayokaa bila kazi. Petroli inazeeka, raba zinakauka, chuma kinashika kutu. Hayo hayangoji theluji.

Kwa hivyo, kama mvua inakaribia kukufungia kazi, fanya hivi. Inachukua kama saa moja.

Maliza petroli

Injini ikiwa imepoa, na ukiwa nje mbali na moto, ondoa petroli kwenye tangi uitie kwenye mtungi wake. Mpe mtu wa boda aitumie wiki hiyo hiyo. Kisha unganisha maji, washa mashine na uiache imalize mafuta yaliyobaki kwenye kabureta hadi izime yenyewe. Muda huo wote kaa umebonyeza bunduki maji yapite. Pampu hupozwa na maji, kwa hivyo usiiwashe ikiwa kavu hata kidogo.

Tumia dakika hizo hizo kusafisha njia ya sabuni. Tia mpira wa sabuni kwenye ndoo ya maji safi hadi povu liishe. Sabuni ikikauka ndani, itakusumbua baadaye.

Ondoa presha, kisha maji

Mashine ikizima, weka swichi kwenye "zima", funga maji, halafu bonyeza bunduki hadi maji yaache kutoka. Usifungue mpira wowote kabla ya hapo. Maji ya hiyo presha yanaweza kutoboa ngozi, na jeraha la namna hiyo linakupeleka hospitali hata kama linaonekana dogo.

Ukishatoa mipira, vuta kamba taratibu mara tano sita. Utaona maji yaliyobaki kwenye pampu yakitoka. Mpira wa presha nao uning'inize umwagike.

Angalia oili na plagi

Oili ya injini ibadilishe kabla ya kulaza mashine, kwa sababu ile iliyotumika ina uchafu unaokula chuma polepole. Ya pampu iangalie rangi. Ikiwa nyeupe, mwone fundi sasa, si Julai. Kuna pampu ambazo zimefungwa kabisa na oili yake haibadilishwi, kwa hivyo soma kijitabu cha mashine yako kwanza.

Kisha toa plagi, mimina kijiko kimoja kikubwa cha oili safi ya injini kwenye tundu lake, vuta kamba taratibu mara mbili tatu oili isambae, halafu rudisha plagi. Hiyo inazuia kutu ndani ya silinda.

Kama unaweza kupata ile dawa ya kuhifadhi pampu, itie. Inalainisha raba. Mimi sikuipata, kwa hivyo kila baada ya wiki chache navuta kamba taratibu ili raba zisishikane.

Osha nozeli na chujio

Wale mnaotumia maji ya kisima, hasa pande za Kitengela ambako maji ya visima vingi yana chumvi, hii ni yenu. Ule unga mweupe unaobaki kwenye nozeli huziba tundu. Loweka nozeli kwenye siki, ipitishe waya mwembamba, suuza. Chujio la pale maji yanapoingilia lioshe pia.

Ilaze mahali pazuri

Iinue juu ya matofali au mbao, isikae kwenye sakafu yenye unyevu. Mpira uzungushe duara kubwa, usiukunje kwa nguvu, maana utapasuka hapo ulipokunjwa. Ifunike kwa gunia au shuka kuukuu. Nailoni ikibana sana huzuia unyevu kutoka, na unyevu huo ndio mwanzo wa kutu. Kama mashine yako ni ya umeme, chomoa waya na uuning'inize juu. Panya wa mtaa huu hawana huruma.

Kuna jambo moja ambalo binamu yangu aliniuliza, nikakosa jibu. "Chumba unacholala ndicho unachopikia?" Ndiyo. Chumba kimoja, pazia katikati. "Na mashine ilikuwa humo na petroli?" Ndiyo.

Mvuke wa petroli hauonekani. Ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo hutambaa chini sakafuni hadi ukutane na moto. Kutoka kwenye ile kona hadi meko yangu ya gesi ni hatua tatu. Miezi mitatu nilikaanga mayai hapo kila asubuhi nikidhani nimeokoa pesa za mafuta. Sh6,500 nilizolipa fundi sasa naziona ndogo.

Mwaka huu tulifunga mwishoni mwa Machi. Mwenzangu alikuja na boda yake, akachukua petroli yote iliyobaki. Tulifanya kila kitu nilichoandika hapa, jua likiwa bado juu. Juni tuliporudi, tulitia mafuta mapya, tukaunganisha maji, tukavuta kamba. Mara ya tatu ikawaka. Wateja hawajarudi wote, na yule mwenye matatu bado yuko na wale vijana wengine, lakini siku ya kwanza tuliosha magari saba.

Jioni nilimpelekea Mama pesa za chama. Zimebaki awamu mbili. Alizihesabu, akazifunga kwenye leso, akaniangalia. Hakuuliza tumepata magari mangapi. Aliuliza, "Na ile petroli, safari hii mliiweka wapi?"