Mkaguzi Anayetafutwa na Wakala Mwaminifu

Mtu aliyekulia Nairobi, Dar es Salaam au Bukavu akitaka kununua mali, hofu yake ya kwanza ni hati. Kiwanja hiki kimeuzwa mara mbili? Huyu muuzaji ndiye mwenyewe, au kuna shangazi kijijini ambaye hajatia saini? Kuhusu jengo hana wasiwasi mkubwa, maana mara nyingi hanunui jengo. Hununua ardhi, akatafuta fundi, akasimamia ujenzi tofali kwa tofali au akamwachia ndugu asimamie. Ukuta ukipasuka, anajua saruji ilipunjwa wapi.

Marekani mambo yamegeuka. Historia ya hati huchunguzwa na kampuni inayofanya kazi hiyo, na kwa kawaida hukatiwa bima kabla ya mauzo kukamilika. Hatari imehamia ndani ya kuta. Nyumba ya mbao iliyofunikwa jipsamu na kupakwa rangi wiki iliyopita inaweza kuwa na nyaya za alumini za miaka ya 1960, bomba la maji taka lililopasuliwa na mizizi ya mti, au paa linalovuja polepole juu ya chumba cha watoto. Ndiyo sababu mnunuzi humlipa mkaguzi wa nyumba, mara nyingi dola mia tatu, mia tano au zaidi, apande darini, afungue boksi la umeme, afungue kila bomba, awashe kiyoyozi, kisha aandike alichokiona.

Hapo ndipo shaka huingia. Jina la mkaguzi mara nyingi hutolewa na wakala wa nyumba, na wakala hapati kamisheni mpaka nyumba iuzwe. Mnunuzi mgeni huuliza, na ana haki ya kuuliza: hawa wawili si lao moja? Kuna mawakala ambao ni kweli lao moja. Lakini wakala mwaminifu ana sababu nzito ya kutaka mkaguzi mkali, na sababu hiyo ilipewa nguvu na mahakama moja ya California.

Mwaka 1976 nyumba moja katika mji wa Diablo, California, iliuzwa kwa dola 170,000. Ilikuwa imejengwa juu ya udongo wa kujazia ambao haukushindiliwa vizuri. Muda mfupi baada ya mauzo ardhi iliporomoka. Gharama ya kurekebisha ilikadiriwa kuwa dola 213,000, na ikaelezwa kwamba nyumba ikiachwa ilivyo huenda thamani yake haizidi dola 20,000. Katika kesi hiyo, Easton dhidi ya Strassburger, ilibainika kwamba mawakala wa upande wa muuzaji walikuwa wameona dalili. Mmoja aliona wavu uliotandazwa kwenye mteremko pale ardhi ilipokuwa imekwisha kuporomoka. Mwingine aliona sakafu ya nyumba ya wageni haiko sawa. Hawakumwambia mnunuzi, wala hawakuomba udongo upimwe. Mwaka 1984 mahakama ya rufani ikasema wakala hawezi kujitetea kwamba muuzaji hakumwambia kitu. Ana wajibu wa kuitazama nyumba kwa umakini na kumweleza mnunuzi alichokiona. Mwaka uliofuata Bunge la California likauingiza wajibu huo katika sheria ya jimbo.

Kazi ya ukaguzi ilikuwa imeanza kujipanga kabla ya hapo. ASHI, chama cha wakaguzi wa nyumba cha Marekani, kilianzishwa mwaka ule ule wa 1976. Lakini kesi ya Diablo iliwafundisha mawakala kwamba kasoro iliyonyamaziwa haiishi siku ya kukabidhiwa funguo. Wakala si mhandisi wala fundi umeme. Anahitaji mtu wa kuona asichoweza kukiona yeye, akiandike, na awe na bima ya kusimamia neno lake. Texas, kwa mfano, haimpi mkaguzi leseni bila bima ya makosa ya kikazi.

Lakini ukali bila kipimo hautoshi. Tazama Dallas na vitongoji vyake, ambako Wakenya na Wakongomani wengi wamenunua nyumba. Udongo wa huko ni mfinyanzi mzito unaovimba ukilowa na kusinyaa wakati wa kiangazi, na nyumba nyingi zimekaa moja kwa moja juu ya jamvi la zege. Udongo ukicheza, jamvi nalo hucheza. Milango hugoma kufunga, nyufa hutokea kwenye pembe za madirisha. Mkaguzi asiye na uzoefu huorodhesha kila ufa kwa maneno yale yale, na familia ikakesha ikidhani nyumba inaanguka. Mkaguzi mzuri hupima usawa wa sakafu chumba kwa chumba, hutazama upana wa ufa na unakoelekea, huangalia maji ya mvua yanatuama wapi, kisha husema waziwazi: hizi ni za plasta tu, lakini ule wa kona ya nyuma unahitaji mhandisi wa majengo kabla siku zenu hazijaisha.

Siku hizo ni chache kweli. Mkataba wa Texas humruhusu mnunuzi kulipia ada ndogo ili apate muda wa kujitoa bila kutoa sababu, na muda huo mara nyingi hauzidi siku kumi. Katika siku hizo ukaguzi ufanyike, ripoti isomwe, fundi aite bei, na muuzaji aombwe atengeneze au apunguze. Kwa hiyo wakala humthamini mkaguzi anayefika mapema na kutoa ripoti yenye picha kesho yake. Ripoti nzuri ikichelewa humwacha mnunuzi mikono mitupu.

Halafu kuna fomu. Tume inayosimamia biashara ya nyumba Texas, TREC, huwataka wakaguzi watumie fomu moja, ambayo kila kitu huwekewa alama kwamba kimekaguliwa, hakikukaguliwa, hakipo, au kina kasoro. Alama ya kasoro ni ile ile kwa soketi ya bafuni isiyojikata yenyewe umeme unapovuja na kwa msingi uliodidimia. Anayeisoma peke yake, tena kwa Kiingereza cha kitaalamu, hawezi kujua kipi ni cha dola ishirini na kipi ni cha elfu ishirini. Wakala anamtaka mkaguzi anayekubali kuzunguka nyumba na mnunuzi, na mama mkwe kama amekuja, akionyesha kwa kidole na kujibu bila haraka. Na wakala anayewatafsiria wateja kwa Kiswahili ana mtihani wake hapo: asilainishe. Mkaguzi akisema boksi la umeme ni la hatari, mteja asikie neno hatari.

Jambo moja asilolifanya mkaguzi mzuri ni kumwambia mtu anunue au asinunue. Viwango vya ASHI havimtaki aamue hilo. Kazi yake ni hali ya nyumba. Uamuzi ni wa familia, inayojua mfuko wake.

Wako mawakala wanaomkwepa mkaguzi makini kwa kuogopa ataharibu biashara. Dalili zao zinaonekana: jina ni moja tu, mnunuzi anaambiwa hana haja ya kuwepo, ripoti inafupishwa kwa simu. Kuna sheria za kuzuia hali hii. Maadili ya ASHI yanamkataza mkaguzi kumlipa wakala ili awekwe kwenye orodha yake, na yanamkataza kurekebisha kwa malipo, ndani ya mwaka mmoja, kasoro za nyumba aliyoikagua. Massachusetts, ambako Wakenya wengi wanaishi Lowell, imekwenda mbali zaidi. Wakala hapendekezi mkaguzi fulani, isipokuwa yule mwenye mkataba wa maandishi wa kumwakilisha mnunuzi. Mnunuzi akiuliza, apewe orodha kamili ya wenye leseni. Na tangu Oktoba 2025 muuzaji wa huko haruhusiwi kuweka sharti kwamba mnunuzi aachane na ukaguzi, mchezo uliowaponza wengi wakati wa ushindani mkali wa miaka ya korona.

Uzoefu wa eneo nao una uzito. Katika nyumba kuukuu za Lowell, mkaguzi huwaza rangi yenye risasi, ambayo ni ya kushukiwa katika nyumba zilizojengwa kabla ya 1978. Minnesota huwaza radoni, gesi isiyo na harufu inayopanda kutoka ardhini: idara ya afya ya jimbo inasema nyumba mbili kati ya tano zina kiwango cha kutia wasiwasi. Vipimo hivyo, pamoja na kamera ya bomba la maji taka na uchunguzi wa mchwa, mara nyingi hulipiwa kando. Mkaguzi mzuri hulisema hilo kabla ya kupokea pesa.

Wanaosahaulika ni wanunuzi wa nyumba mpya, ambao siku hizi ni wengi katika mitaa inayochipuka kando ya miji ya Texas. Huamini kwamba kipya hakina kasoro, na kwamba mkaguzi wa mji ameshapita. Mkaguzi wa mji huangalia kanuni za ujenzi kwa hatua, nyumba nyingi kwa siku, na hamfanyii kazi mnunuzi. Wakala mzoefu hushauri mkaguzi binafsi aje kabla jipsamu haijafunika nyaya na mabomba, aje tena kabla ya makabidhiano, na mara ya tatu mwezi wa kumi na moja. Dhamana ya mjenzi juu ya kazi ya mafundi kwa kawaida huisha mwaka ukitimia, na orodha ya kasoro inatakiwa imfikie kwa maandishi kabla ya siku hiyo.