Somo la Tisa: Mwalimu Mgeni Nyumbani Kwetu

Leo tutazungumza juu ya watu watokao nchi za mbali kuja kufundisha Kiingereza kwa kujitolea, na juu ya nyumba zinazowapokea.

Kwanza, desturi hii ilianzaje? Mwaka 1958, huko Uingereza, Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha shirika la VSO, likapeleka ng'ambo vijana waliokwisha kumaliza shule. Mwaka 1961 Rais Kennedy wa Marekani akaunda Peace Corps. Kundi lake la kwanza, ambalo lilikuwa la walimu, lilikwenda Ghana mwaka ule ule. Kwetu Tanganyika walianza kuja wapima ardhi na wahandisi. Walimu wakafuata baadaye. Kazi yao hapa ilikoma mwaka 1969, ikaanza tena mwaka 1979.

Pengine mtauliza, "Kwa nini mgeni asipewe nyumba yake tangu siku ya kwanza?" Sababu ni lugha. Wageni wa Peace Corps hukaa majuma kadhaa na jamaa wenyeji kabla ya kupelekwa shuleni. Hapo mgeni hujifunza kuamkia wazee, kuwasha mkaa, na kusema Kiswahili. Atasema "kiti yangu", na mama mwenye nyumba atamwambia kwa upole, "Kiti changu." Basi mtu aliyesahihishwa bila kuchekwa atajua namna ya kumsahihisha mtoto.

Na mtoto huyo ana haja kubwa. Katika shule zetu nyingi za msingi masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Akiingia sekondari, masomo mengi humjia kwa Kiingereza. Asipoielewa lugha, hataelewa somo, hata kama ana akili nyingi.

Sasa, mkiombwa kumpokea mgeni, pataneni kwanza juu ya mambo matatu.

La kwanza ni fedha. Kujitolea si kula bure. Ulizeni mapema: nani atalipa gharama za chakula, kiasi gani, na lini?

La pili ni kazi za nyumbani. Wazee walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mwonyesheni kazi, naye atajiona mtu wa nyumbani.

La tatu ni muda. Mgeni wa majuma matatu asiachiwe darasa. Awazoeze watoto kuzungumza, mwalimu wao akiwapo. Hata wa miaka miwili afundishe bega kwa bega na mwalimu wa shule, ili akiondoka kazi isife. Kumbukeni mwezi wa Machi 2020: kwa ajili ya ugonjwa wa korona, Peace Corps iliwaita nyumbani watu wake wote waliokuwa ng'ambo, duniani kote. Je, darasa linalomtegemea mgeni peke yake, siku kama hiyo hubaki na nani?

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Mgeni anaweza kujifunza nini nyumbani kwenu kitakachomsaidia darasani?
2. Mwalimu wa shule na mwalimu mgeni wagawane kazi vipi?
3. Mgeni akiondoka ghafla, kitu gani kibaki shuleni?