Majumba ya Ghorofa Kando ya Barabara, Kariobangi

Msafiri atokaye Thika Road kwenda Donholm kwa njia ya Outer Ring, afikapo Kariobangi huona majumba ya mawe ya ghorofa tano, sita, hata zaidi, yamesimama bega kwa bega, na nguo zimeanikwa katika kila roshani. Pengine hujiuliza kwa nini barabara ni pana namna ile, hali mwenda kwa miguu hana pa kukanyaga.

Jibu laanzia miaka ya 1960. Wakati huo Baraza la Jiji la Nairobi lilipima viwanja vidogo Kariobangi, wakapewa watu walioondolewa katika vibanda vya mjini ili wajijengee wenyewe. Nyumba zilizokusudiwa zilikuwa za chini, zenye vyumba vichache, na vichochoro na mabomba ya maji machafu vilipimwa kwa kadiri hiyo. Baadaye wengi waliuza viwanja vyao kwa wenye fedha, nao walipiga hesabu iliyo rahisi: kiwanja hakipanuki, lakini juu pana nafasi, na kila ghorofa iongezwayo huleta kodi yake.

Basi tulitazame jumba moja. Chini ni maduka: kinyozi, dawa, M-Pesa, misumari na rangi. Mlango wa wapangaji ni mwembamba, wenye wavu wa chuma, umebanwa kati ya maduka mawili. Kuanzia ghorofa ya kwanza ukuta hutokeza mbele, kwani mjenzi hutafuta hewani nafasi ambayo ardhi haikumpa. Jambo hili lina faida yake, wala si haki kulificha: mvua ya Aprili ikinyesha, mpita njia hujisitiri hapo, na mama auzaye mboga vilevile. Usiku taa za maduka humulika njia. Lakini katika vichochoro vya nyuma kuta za pande mbili hukaribiana juu hata jua lisifike chini, na tope hukaa siku nyingi.

Shida kubwa iko katika kipande cha ardhi kilichopo baina ya maduka na barabara. Outer Ring ilipopanuliwa katika miaka ya 2010, vibanda vya kando viliondolewa na madaraja ya waenda kwa miguu yakajengwa. Hata hivyo, wapangaji wa ghorofa sita wanahitaji sukuma wiki kila jioni, na palipo na wanunuzi muuzaji hurudi. Bidhaa zikijaa njiani, mtoto atokaye shule hushuka barabarani penye magari. Kumfukuza muuzaji bila kumpa mahali pengine ni kumwondoa kwa juma moja tu.

Liko na jambo la uhai. Huruma, mtaa wa jirani, tarehe 29 Aprili 2016, jumba la ghorofa lililokuwa karibu na mto liliporomoka wakati wa mvua kubwa, wakafa watu zaidi ya 40. Kwa hiyo anayetaka kupanga chumba katika jumba jipya, kabla ya kutoa kodi ya kwanza na aulize kama ujenzi uliidhinishwa na Kaunti ya Nairobi na kuandikishwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kisha na atazame nguzo kama zina nyufa, maji ya mvua yanapelekwa wapi, na kama wavu wa mlango waweza kufunguliwa upesi usiku.