Gari la haibridi uzeeni (3): Mtoto wa mkusanya vyuma chakavu

Jumatano iliyopita EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilitoa tena bei kikomo za mafuta, na tangu asubuhi ile simu yangu haijapumzika. Wasomaji waliofuata makala mbili zilizotangulia, nilipoeleza jinsi injini na mota zinavyopokezana kazi, wamenirudia na swali lilelile, kila mmoja kwa maneno yake. Mama mmoja wa Mchikichini ndiye aliyelifupisha vizuri: "Mwalimu, Aqua yangu ni ya 2012. Niilee au niipige bei?"

Nitamjibu. Ila aniwie radhi nianzie mbali, kwa sababu swali lake ni la betri, na betri hiyo ina mzee wake, na habari za mzee huyo nimezibeba miaka mingi nikitafuta pa kuzitua.

Stanford Ovshinsky alizaliwa mwaka 1922 mjini Akron, Ohio, huko Marekani. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Lithuania, na riziki yake ilikuwa kuzunguka mitaani akikusanya vyuma chakavu. Mtoto hakukanyaga chuo kikuu. Alishika kazi ya kukereza vyuma, na kwa mikono hiyohiyo akabuni mashine mpya ya kukerezea, akaipa jina la baba yake, Benjamin. Vitabu alivisoma usiku, vya maktaba, bila mtu wa kumpa mtihani. Mwaka 1960 akafungua maabara Detroit pamoja na mkewe, Iris.

Wanafizikia wa zama zile walikuwa wamelogwa na fuwele, yaani mata ambayo atomi zake zimejipanga safu kwa safu kama askari wa gwaride. Ovshinsky akageukia upande wa pili: atomi zilizovurugika, zisizo na safu. Mwaka 1968 alipochapisha matokeo yake katika jarida la Physical Review Letters, wako mabingwa waliomcheka waziwazi. Fundi wa vyuma anatufundisha nini? Lakini fikra hiyohiyo ya vurugu ndiyo iliyompeleka kwenye aloi za metali nyingi zilizochanganywa, zinazomeza haidrojeni na kuitema kama sifongo na maji. Wengine Ulaya na Japani walikuwa katika msako huohuo, ila mchango wa maabara yake katika kuifanya betri ya nikeli na haidraidi iwe kitu cha kutumika ni mkubwa mno. Toyota ilipoanza kuuza Prius nchini Japani, Desemba 1997, betri ya jamii hiyo ndiyo iliyokuwa ndani. Na Aqua ilipotoka Desemba 2011, ikawekwa chini ya kiti cha nyuma. Ndiyo anayoikalia mama wa Mchikichini anapompisha mwanawe aendeshe.

Kila nikishuka kituo cha mwendokasi cha Gerezani, Dar es Salaam, namkumbuka Ovshinsky. Hatua chache tu kutoka pale utawakuta vijana waliojaa grisi hadi viwikoni, wanachonga spea ambazo kiwandani zimeshasahaulika. Wengine wao ni watoto wa wauza skrepa, kama yeye. Nasi majumbani tunawaambia wanetu: soma, usije ukaishia gereji. Kuishia gereji! Kama vile gereji ni jalala. Nilifundisha fizikia miaka thelathini na moja, na ninakiri kwamba wanafunzi wangu waliopata alama za juu wengi hawajui kushika bisibisi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, fundi aliyejifunzia kazini akapimwa na kupewa cheti. Ni jambo jema, na lingestahili kutangazwa kwa sauti ileile tunayotangazia matokeo ya kidato cha sita.

Mwezi uliopita nilikaa nusu siku kwa mmoja wa vijana hao. Shikamoo, marahaba, nikavutiwa kigoda. Mezani palikuwa na betri ya Aqua imefunguliwa. Kabla ya kuigusa alikuwa amechomoa plagi ya usalama, akasubiri, akavaa glavu nene za mpira, maana nyaya za rangi ya chungwa zinabeba volti 144, na umeme huo haukupi nafasi ya pili. Ndani mlikuwa na vipande 20 vimepangwa kama vitabu kwenye rafu. Mafundi huviita seli, ingawa kila kimoja kina seli sita ndani yake, kila seli volti 1.2, jumla 7.2. Vipande vya shaba vinavyoviunganisha vilikuwa vimeota kutu ya kijani.

Alichofanya kilikuwa cha kawaida kabisa. Alichukua balbu ya taa ya mbele ya gari, akaiunganisha kwenye kila kipande kwa zamu, ikawaka dakika mbili, huku mita ikisoma. Vingi vilitulia karibu na 7.7. Alipofika cha kumi na moja, mita ikaporomoka hadi 6.5.

"Unaona, mzee wangu? Moja kati ya sita imekata roho."

Hesabu ilikuwa sawa sawia: ondoa volti 1.2. Na cha kumi na moja kiko katikati ya rafu, penye joto kuliko pengine pote. Betri yenyewe haikuchakazwa na miaka. Kompyuta ya gari hairuhusu betri ijae kabisa wala iishe kabisa, na kwa ulinzi huo betri hizi huishi muda mrefu kuliko tunavyozidhania. Kilichoiua ni joto. Fundi akanionyesha feni inayoipoza: mapanga yake yalikuwa yamevaa koti la vumbi, nywele na nyuzi za khanga. Hewa ya kupoza betri huvutwa kutoka ndani ya gari, na mwenye gari alikuwa amezoea kurundika mizigo ya Kariakoo mbele ya kitundu cha hewa. Jirani na hapo kuna kata inaitwa Mchafukoge, jina linalomwambia mchafu akaoge. Feni ile nayo ilihitaji kuambiwa hivyo, miaka mitano iliyopita.

Nami nina kovu langu. Miaka michache nyuma nilinunua betri niliyoambiwa ni mpya. Duka silitaji. Maganda yalikuwa yamesuguliwa yakang'aa, ndani mmechanganywa vipande vya magari tofauti, vikali na vilivyochoka. Vilivyochoka viliwaburuza wenzao, na mwezi wa nne taa ya pembetatu nyekundu ikawaka nikiwa kwenye foleni ya Msimbazi.

Sasa jibu la mama, kwa nafasi iliyobaki. Tuseme anatembea kilomita 40 kwa siku, siku 300 kwa mwaka: kilomita 12,000. Daftari langu linaonyesha kilomita 18 kwa lita katika foleni za mjini. Gari la kawaida la ukubwa huo nalihesabia 10. Tofauti ni lita 533, na tukikadiria bei ya shilingi 3,000 kwa lita, ni 1,600,000 kwa mwaka. Tena tangu bajeti ya 2017/18 ada ya leseni ya gari ilipofutwa na ushuru wa mafuta kuongezwa, anayechoma lita chache analipia barabara kidogo. Akiuza na kuagiza jingine, atakutana na ushuru wa forodha, VAT, na ule wa uchakavu kama gari lina umri mkubwa.

Kwa hiyo ailee, lakini kwanza apime vipande vyote 20 kwa balbu. Kimoja kikiwa kimekufa na wenzake wako sawa, atafute cha nguvu inayolingana nao, si kilichong'aa. Vikiwa vimetawanyika, kimoja 7.7, kingine 7.1, kingine 6.9, asinunue viraka, abadilishe betri nzima. Na bei akitajiwa aigawe kwa 1,600,000 kabla hajashtuka. Anayemwambia atazima taa ya onyo kwa kompyuta bila kufungua kiti, amshukuru na kuondoka.

Nilitaka pia kugusa breki, maana pampu yake ikifa inauma pengine kuliko betri, lakini ukurasa umejaa. Ni za wiki ijayo. Ila gari likiwa limesimama, na kila akikanyaga breki anaisikia pampu inaunguruma upya, asisubiri gazeti.