KWA NINI WANARUDI KUTUULIZA TENA?

Mgeni anafika nyumbani kwako na daftari. Anauliza: Mko watu wangapi? Mlivuna magunia mangapi? Nani aliugua? Unamjibu, anaaga. Baada ya miaka miwili anarudi na maswali yale yale. Wengine hukasirika. Husema, "Si tulikwisha kumjibu?"

Huyu ni mtafiti. Ana sababu ya kurudi.

Fikiria shamba la mahindi hapa Tosamaganga. Ukiliona siku moja tu, huwezi kujua mavuno yake. Lazima urudi. Maisha ya kaya ni hivyo hivyo. Ukiuliza mara moja, utajua nani ni maskini leo. Ukirudi, utajua nani ameinuka, nani ameanguka, na kwa nini.

Mwaka 1991 kazi hii ilianza mkoani Kagera. Wakati huo UKIMWI ulikuwa umeua watu wazima wengi. Watafiti walitaka kujua kaya hupata shida gani ikifiwa na mtu mzima. Waliziuliza kaya zaidi ya 900 hadi mwaka 1994. Walirudi mwaka 2004, na tena mwaka 2010.

Watoto wa 1991 walikuwa wamekua. Wengi walikuwa wamehama. Watafiti waliwafuata, hata nchini Uganda. Waliona kwamba, kwa wastani, waliohama mkoa waliinuka kimaisha kuliko waliobaki. Wangewauliza waliobaki tu, wasingelijua jambo hilo.

Mwaka 2008 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilianza utafiti wa namna hii nchi nzima.

Vijana wetu nao huhama. Huenda Mufindi kuchuma chai, au Dar es Salaam kutafuta kazi. Mtafiti akiuliza mwanao yuko wapi, usidhani anamtafuta kwa ubaya. Kwanza mwombe barua ya utambulisho. Muulize majibu yatatumika wapi, na nani atayaona. Ukiridhika, mweleze ukweli.

Wengine huficha mavuno kwa kuogopa michango, au kwa kutumaini msaada. Tuseme umevuna magunia 15, ukasema 5. Safari ya pili ukasema 15. Daftari litaonyesha umeendelea, kumbe uko pale pale! Mipango itakayotokana na daftari hilo itapotoka.

MASWALI
1. Kwa nini mtafiti hurudi kwenye kaya ile ile?
2. Kwa nini waliohama walifuatwa?
3. Mtafiti akifika kwako, utamuuliza nini kwanza?