Uanagenzi wa sanaa za jadi Handeni na Korogwe

Uanagenzi wa sanaa za jadi ni njia ya kurithisha ufundi, nyimbo, ngoma na mila ambapo mwanafunzi hukaa karibu na fundi, humtazama, humsaidia kazi na kusahihishwa naye. Katika wilaya za Handeni na Korogwe, Mkoa wa Tanga, kaskazini mashariki mwa Tanzania, njia hiyo imetumiwa tangu zamani na Wazigua, Wanguu, Wasambaa na Wabondei.

Kazi za mikono

Ufinyanzi kwa kawaida ni kazi ya wanawake, na binti hujifunza kwa mama, bibi au shangazi. Huanza na kazi ndogo: kubeba udongo, kuondoa mawe na mizizi, kuteka maji na kukusanya kuni. Kufinyanga chungu huja baadaye. Udongo ulioloa mno hulegea, uliokauka mno hupasuka, na chungu kisichokauka vizuri huvunjika motoni. Hakuna kipimo cha mambo hayo. Mwanafunzi huyajua kwa kushika udongo uleule alioushika mwalimu wake.

Ususi wa mikeka hufundishwa vivyo hivyo. Mwanafunzi huanza kwa kusuka ukili, na akikosea hufumua na kurudia, kwa sababu kosa la ukili huonekana mkeka unaposhonwa.

Sanamu za jando na unyago

Katika unyago mwalimu wa wasichana huitwa kungwi na mwanafunzi wake mwali. Wanguu, ambao milima yao leo imo zaidi katika Wilaya ya Kilindi iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002, walifundisha vijana kwa sanamu ndogo za udongo za watu, wanyama na vyombo vya nyumbani. Wazigua na Wasambaa pia walikuwa na sanamu za aina hiyo. Sanamu iliambatana na wimbo wenye fumbo. Mwalimu aliuimba, kisha akaeleza maana yake kuhusu heshima, ndoa au malezi.

Hans Cory, mtafiti wa mila aliyefanya kazi katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, aliandika kuhusu sanamu za Wanguu mwaka 1944, na mwaka 1956 alitoa kitabu juu ya sanamu za jando na unyago. Maandishi hayo ni muhimu kwa sababu sanamu pekee haijielezi: anayeitazama huona mnyama au chombo, lakini somo limo katika wimbo na maelezo ya mwalimu.

Wazigua wa Somalia

Historia ya Wazigua ina mfano wa upande wa pili, yaani mila kudumu mbali na kwao. Katika karne ya 19 baadhi yao walipelekwa utumwani Somalia. Wengi walitoroka wakaanzisha vijiji kando ya Mto Juba. Huko vizazi kadhaa vilirithishana lugha ya Kizigua, nyimbo na mviko, mila zinazofuata ukoo wa mama, bila shule wala vitabu vya lugha hiyo. Mtafiti Francesca Declich ameandika kuhusu mila hizo. Kutokana na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyozuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadhi ya Wazigua hao walikimbilia Tanzania wakapokelewa Handeni, kwanza Mkuyu na baadaye Chogo, wakaweza kuzungumza na wenyeji kwa Kizigua.

Hali ya sasa

Watoto hutumia sehemu kubwa ya siku shuleni, na vyungu vimepungua sokoni kwa sababu ya sufuria na ndoo za plastiki. Mafunzo ya unyago yana siri, hivyo si yote yanayoweza kurekodiwa hadharani. Rekodi huhifadhi wimbo, lakini haiwezi kumsahihisha anayejifunza. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi usioshikika, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2011, unahesabu kurithisha ujuzi kuwa sehemu ya kuulinda urithi wenyewe.